Pumzi za Mtoto Zihesabiwe

(Maandishi ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali wa Buswelu, Ilemela, mkoani Mwanza)



Maadui watatu waliotangaziwa vita tangu nchi hii ilipojipatia uhuru wake mwaka 1961, yaani ujinga, maradhi na umaskini, hawana desturi ya kutembea kila mmoja peke yake. Na kama pana mahali ambapo huonekana wameshikana mikono barabara, basi ni juu ya kitanda cha mtoto mchanga mwenye nimonia. Maradhi humkamata, ujinga huwazuia waliomzunguka wasiyatambue, nao umaskini huchelewesha safari ya kwenda zahanati mpaka saa ambayo dawa haifui dafu tena.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, limeeleza kwamba nimonia huua watoto wenye umri chini ya miaka 5 zaidi ya 700,000 kila mwaka duniani kote. Hapana ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaochukua roho za watoto wengi kiasi hicho. Pamoja na hayo, ugonjwa huu haujapata kuogopwa kama unavyostahili. Kipindupindu kikiingia kata moja, mkutano huitishwa jioni ile ile, na magari ya vipaza sauti hupita mitaani. Malaria ina vyandarua vyake na siku zake za kampeni. Nimonia haiitishiwi mkutano. Huchukua mtoto mmoja huku na mwingine kule, nyumba moja moja, na msibani watu husema alikuwa na homa, au alipatwa na degedege, au alikohoa siku mbili tu, kazi ya Mungu haina makosa. Jina la ugonjwa halitajwi kwa sababu halikujulikana.

Wazee wenye umri wa kutosha wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wazima wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi vijijini na mijini kusikiliza redio, kusoma vitabu vidogo vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, na kisha kutoka pamoja kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano, na wageni wengi walikuja kujifunza. Lakini nguvu ya kampeni ile ilielekezwa kwenye mambo ambayo kijiji kinaweza kuyatenda kwa jembe na sururu. Nimonia haina dimbwi la kufukiwa. Silaha ya kwanza dhidi yake ni jicho la mtu aliye karibu na mtoto, jicho linalojua litazame nini.

Kwamba jicho hilo laweza kufundishwa, tena kwa mwananchi wa kawaida asiye na cheti cha udaktari, jambo hilo halihitaji kuazimwa kutoka Ulaya. Lilithibitishwa hapa hapa nchini, katika wilaya ya Bagamoyo, katika miaka ya 1980. Wahudumu wa afya wa vijiji walipewa mafunzo mafupi, wakapita nyumba kwa nyumba, wakawaeleza akina mama dalili za nimonia, wakawapa dawa watoto waliokuwa nayo na kuwapeleka mbele wale waliozidiwa. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1986 na madaktari Mtango na Neuvians. Katika muda wa miaka 2 vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 40.1 hadi 29.2 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka, yaani punguzo la zaidi ya robo. Na vifo vilivyotokana na nimonia yenyewe vilishuka kutoka 14.3 hadi 10.0. Hapakujengwa hospitali ya rufaa Bagamoyo katika miaka hiyo 2 kwa ajili ya kazi hiyo, wala hazikuletwa mashine. Kilichoongezwa ni ujuzi na dawa ya bei nafuu, vikapelekwa mpaka mlangoni.

Huenda msomi akauliza: yawezekanaje mama asiye na kifaa cha kusikilizia kifua atambue ugonjwa ambao hata daktari hupenda kuuhakikisha kwa picha ya eksirei? Swali hilo lilijibiwa katika nchi nyingine maskini yenye milima na njia mbaya, Papua New Guinea, ambako daktari Frank Shann na wenzake walichunguza watoto wenye kikohozi na kulinganisha ishara moja na nyingine. Walikuta kwamba joto la mwili halisemi mengi. Kikohozi nacho hakisemi mengi, maana kila mtoto hukohoa. Ishara zilizotenganisha nimonia na mafua ya kawaida zilikuwa mbili, na zote mbili huonekana kwa macho: mtoto kupumua haraka kupita kiasi cha umri wake, na sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila anapovuta hewa. Juu ya msingi huo Shirika la Afya Duniani lilijenga mwongozo wake, nao ndio unaofuatwa katika zahanati zetu mpaka leo, pamoja na marekebisho yaliyofanywa baadaye.

Yafaa kueleza sababu, kwa kuwa jambo lililoeleweka sababu yake halisahauliki upesi. Mapafu yamejaa vijifuko vidogo mno vya hewa, na humo ndimo damu inapochukua hewa safi. Vijidudu vikiingia na kuzaana humo, vijifuko hujaa majimaji na usaha. Mapafu ambayo yalikuwa laini kama sifongo huwa magumu, kama nguo iliyolowa uji ikakaukia juani. Kuvuta pumzi ndefu kunakuwa kazi ngumu na yenye maumivu. Kwa hiyo mtoto huvuta fupi fupi, nyingi, ili kulipia kwa idadi kile alichopoteza kwa urefu. Hiyo ndiyo maana ya kupumua haraka. Ugonjwa ukizidi, misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa zaidi, na kwa kuwa mbavu za mtoto bado ni laini, kifua chenyewe hunywea ndani badala ya kutanuka. Mtu mzima aliye salama akivuta hewa, kifua na tumbo huinuka pamoja. Mtoto wa namna hii akivuta hewa, tumbo huinuka na mbavu za chini huzama.

Sasa hesabu. Mtoto mwenye umri wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka 1, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, anapumua haraka. Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, mara 40 au zaidi. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, mara 60 au zaidi, na huyu ahesabiwe mara mbili kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa vipindi visivyo sawa. Tarakimu tatu tu: 60, 50, 40. Mwalimu wa darasa la kwanza angeweza kuziandika ubaoni na watoto wakazikariri kabla ya kengele ya mapumziko.

Namna ya kuhesabu ina adabu zake, na wengi hukosea hapo. Mtoto awe ametulia; aliyelala ni bora zaidi. Anayelia au anayenyonya hahesabiwi, maana pumzi zake si za kweli wakati huo. Nguo ifunuliwe mpaka kifua na tumbo vionekane, na pawe na mwanga. Kisha mtu ashike saa ya mkono au simu yenye saa, ahesabu kila kifua au tumbo linapoinuka, kwa dakika nzima. Dakika nzima maana yake ni sekunde 60. Pana tabia ya kuhesabu sekunde 15 halafu kuzidisha kwa 4, tabia ambayo yafaa kwa mapigo ya moyo ya mtu mzima, lakini kwa mtoto hukaribisha kosa: pumzi 1 iliyosahauliwa hugeuka 4, na mtoto mwenye pumzi 52 huandikwa 48 na kurudishwa nyumbani.

Kuhusu kifua kubonyea, jambo la kuangalia ni sehemu ya chini, pale mbavu zinapokutana na tumbo. Nyama zilizo kati ya ubavu na ubavu kunywea kidogo, au shimo dogo juu ya mfupa wa kifua, peke yake si ishara inayosemwa hapa. Ishara yenyewe ikiwapo huonekana kila pumzi, wala mtu hahitaji kuitafuta kwa kukisia. Pua hutanuka pamoja nayo, na watoto wengine huguna kila wanapotoa hewa, mguno mfupi kama wa mtu anayebeba gunia.

Zipo dalili nyingine ambazo zikionekana hapana haja ya kuhesabu kitu chochote, bali kuondoka mara moja, mchana au usiku: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea, au usingizi wake ni mzito kiasi kwamba hawezi kuamshwa, midomo au ulimi umegeuka rangi ukawa wa samawati au kijivu, au anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta hewa ilhali ametulia. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, dalili yoyote katika zilizotajwa ni ya hatari, na ziongezwe mbili: kukataa titi, na mwili kuwa wa baridi. Mtoto mchanga mwenye nimonia kali aweza asiwe na homa hata kidogo. Hali kadhalika mtoto mwenye utapiamlo mkali, ambaye mwili wake hauna kuni za kuwashia homa.

Na hapa pana jambo moja ambalo limewahadaa watu wengi, wakiwamo watu wenye elimu. Mtoto aliyekuwa akihema usiku kucha aweza ikafika alfajiri akapunguza kuhema. Waliomkesha hushukuru na kusema amepata nafuu, wanakwenda kujinyoosha. Kumbe misuli imechoka. Pumzi zimepungua kwa sababu nguvu ya kupumua imekwisha. Tofauti hutambulikana usoni: mtoto aliyepata nafuu hutazama, hutaka kunyonya, hushika kidole cha mama, aliyechoka amelegea, na macho yake hayafuati kitu. Asikae mtu akingoja kupambazuke.

Ndugu Walimu na Watumishi, hayo yote yangekuwa mepesi kama ugonjwa huu ungekuja peke yake. Lakini kando ya Ziwa Victoria nimonia huvaa nguo za malaria. Kanda hii ina malaria nyingi, na kwa miongo mingi kila mtoto mwenye mwili wa moto alihesabiwa kuwa na malaria, akapewa dawa ya malaria, na familia ikakaa siku 2 au 3 kungoja dawa ifanye kazi. Siku hizo 2 au 3 ndizo nimonia inazohitaji. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea katika zahanati kilisaidia sana. Hata hivyo kimeleta kosa jipya lililo kinyume cha lile la zamani. Mtu akionyeshwa mistari 2 kwenye kipimo huridhika kwamba adui amekamatwa. Mtoto wa kanda hii aweza kuwa na wadudu wa malaria katika damu na, wakati ule ule, nimonia katika mapafu. Kipimo hakihesabu pumzi. Mzazi mwenye haki zake na amuulize mganga kwa heshima: "Daktari, na pumzi zake zikoje?"

Kosa jingine ni la kale zaidi. Mtoto anapokohoa kwa muda, wapo jirani wanaoshauri akatwe kimeo. Imani hii imeenea katika mikoa mingi ya Tanzania, na mijini pia, tena wanaoifuata si wasiosoma peke yao. Kimeo ni kipande cha nyama kilichoumbwa kwa kazi yake. Hakisababishi nimonia, na kukikata hakutoi usaha katika mapafu. Kinacholetwa na kisu ni damu nyingi, vidonda vinavyooza, hatari ya pepopunda na virusi vya UKIMWI pale wembe unapotumika kwa zaidi ya mtoto mmoja. Tena, na hili ndilo huua mara nyingi, huleta kuchelewa. Mzazi aliyekwisha kulipa fundi wa kimeo hujiona amekwisha kumtibu mwanawe. Kumkemea bibi aliyetoa shauri hilo hakufai kitu. Bibi ametoa alichorithi, kwa mapenzi. Akielezwa kuhusu pumzi na kuonyeshwa, mara nyingi yeye ndiye anayekuwa mhesabuji hodari kuliko wote nyumbani, kwa kuwa ana subira na hana simu inayomwita.

Watu wa Buswelu wanayo sababu yao ya pekee ya kulitafakari suala hili. Mahali hapa, palipokuwa kijiji cha mashamba katikati ya majabali, pamekuwa makao makuu ya Ilemela, manispaa iliyogawanywa kutoka Jiji la Mwanza mwaka 2012. Nyumba za matofali zimepanda mpaka kwenye miamba. Watumishi wengi wanaoishi hapa huondoka kabla ya jua kuchomoza, wengine kwa daladala kwenda mjini, wengine kwa pikipiki kwenda shule za Igombe na Sangabuye, na hurudi jioni. Mtoto anabaki na nani? Anabaki na msichana wa kazi, ambaye pengine ana miaka 16 au 17, aliyeletwa kutoka kijijini akaonyeshwa sufuria, mahali pa kuanika nguo na namna ya kuchanganya uji. Huyo ndiye mlinzi wa afya wa nyumba kwa saa 10 kila siku. Je, ameonyeshwa namna ya kuhesabu pumzi? Je, anayo ruhusa ya kumchukua mtoto kwenda kituo cha afya bila kwanza kumpigia simu mama aliye darasani na simu yake imezimwa? Je, ameachiwa kadi ya kliniki ya mtoto na nauli, au vyote vimefungiwa kabatini? Mtumishi anayesoma sera na kuwafundisha wengine, kisha nyumbani kwake mtu anayemlea mwanawe haambiwi lolote, anayo kazi ya kufanya jioni hii hii kabla ya chakula.

Na ofisi nazo zisijitoe katika hesabu hii. Mwalimu anayepigiwa simu saa 5 asubuhi kuambiwa kwamba mtoto anahema, asiambiwe angoje mpaka kikao kimalizike, wala asitakiwe kuandika barua ya ruhusa kwanza. Mkuu wa shule au mkuu wa idara mwenye busara hutoa ruhusa kwa mdomo, karatasi itafuata. Hapana mwajiri aliyepata hasara kubwa kwa kumwachia mzazi nusu siku.

Kuhusu dawa, nimonia isiyo kali hutibika nyumbani kwa amoksilini, na kwa watoto wadogo vipo vidonge vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama, ambavyo hutolewa mara 2 kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliorekebishwa mwaka 2014 unaruhusu hata mtoto ambaye kifua kinabonyea, lakini hana dalili za hatari, atibiwe hivyo hivyo nyumbani baada ya kuonwa na mganga, isipokuwa wale walio na sababu nyingine ya kulazwa, kama vile maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Mwenye dalili za hatari hulazwa, akapata sindano na hewa ya oksijeni. Ni matibabu ya bei ndogo. Tangu mfumo wa kuchangia gharama ulipoanzishwa mwaka 1993, sera ya Serikali imewasamehe watoto wenye umri chini ya miaka 5. Na pale dawa zinapokosekana kwenye rafu, kama inavyotokea, kamati ya zahanati inao wajibu wa kuuliza kwa sauti, na watumishi walio wajumbe wa kamati hizo wasikae kimya kwa kuogopa kuonekana wakorofi.

Lakini katika maduka ya dawa kuna biashara isiyofaa. Mzazi hufika na noti moja, akasema mtoto anakohoa, akapewa vidonge 6 vya dawa ya vijidudu bila cheti na bila mtu kumtazama mtoto. Mtoto akiwa na mafua tu, dawa hiyo imepotea bure, maana mafua husababishwa na virusi ambavyo havisikii dawa hiyo. Akiwa na nimonia, dozi ya siku moja na nusu huwapa vijidudu mazoezi ya kijeshi: vinavyobaki hai ni vile vilivyo sugu, na hivyo ndivyo vitakavyomrukia mtoto wa jirani. Kwa mtoto mwenye kikohozi na mafua pasipo pumzi za haraka wala kifua kubonyea, tiba ni maziwa ya mama kwa wingi, vinywaji vya uvuguvugu, pua kusafishwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa, na macho ya mlezi yasiyosinzia. Anayepewa dawa na mganga na amalize siku zote alizoandikiwa, hata kama siku ya pili ameanza kucheza.

Kinga ipo, na taifa limepiga hatua ambazo hazina budi kusemwa. Mwaka 2009 iliingizwa chanjo ya pamoja ya magonjwa 5, ambayo ndani yake imo kinga ya vijidudu vya Hib, wauaji wakubwa wa mapafu ya watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2013 ikaanza kutolewa chanjo ya vijidudu vya nimokokasi, inayoandikwa kwenye kadi ya kliniki kwa herufi PCV. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua nayo ni kinga ya nimonia, kwa kuwa surua mara nyingi humalizia kazi yake kwenye mapafu. Mtoto aliyekamilisha zote bado aweza kuugua, maana vijidudu vya nimonia ni vya aina nyingi. Hata hivyo amepunguziwa mzigo mkubwa. Kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo ni kinga nyingine, isiyo na foleni.

Moshi unahitaji kutajwa kwa ukali zaidi. Jiko la kuni ndani ya chumba chenye dirisha moja dogo, mama akiwa amembeba mtoto mgongoni, ni mahali ambapo mapafu machanga hukaushwa kama samaki wa Igombe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi. Mpaka hapo, ukuta wa jikoni unaweza kutobolewa dirisha la pili kwa nyundo na siku moja ya kazi, na mtoto anaweza kulazwa chumba kingine wakati ugali unapopikwa.

Pana watoto ambao kwao hata kikohozi kidogo kisifanyiwe mzaha. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na mtoto wa selimundu hushambuliwa na nimokokasi kwa urahisi mkubwa. Anapaswa kupata penisilini yake kila siku kama alivyoandikiwa, na akipata homa au kifua kumbana apelekwe siku hiyo hiyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mwenye utapiamlo, au aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI, naye yumo katika kundi hili. Walimu wanaowajua wanafunzi wao wa selimundu kwa majina wamekwisha kuanza vizuri.

Watu wazima pia huugua nimonia, na huku huitwa kichomi kwa sababu ya maumivu yanayochoma ubavuni mtu akivuta pumzi au akikohoa. Huja na homa, kutetemeka, na makohozi ya njano au yenye rangi ya kutu. Mtu mzima anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika yu hatarini. Mzee aliyezidi miaka 65 aweza asiwe na homa wala kikohozi cha maana. Hubadilika tu, akaanza kuchanganya maneno na kukataa chakula, na watu wakadhani ni uzee. Kikohozi kilichozidi wiki 2 ni habari nyingine, hicho kipelekwe kupimwa kifua kikuu.

Tangu mwaka 2024 Serikali imeanza mpango wa kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Ni Bagamoyo ile ile, safari hii kwa nchi nzima. Mpango huo utafaulu au utakwama kutegemea watakavyopokewa mitaani. Viongozi wa mashina ya Chama, wanaozijua nyumba zao moja moja na kujua ni ipi iliyojifungua mwezi uliopita, wanaweza kuwapitisha wahudumu hao mlango kwa mlango, na walimu wanaweza kuwapa nusu saa katika mkutano wa wazazi, kabla ya hoja ya michango, maana baada ya michango husikilizi mtu.

Yabaki maneno ya safari yenyewe. Mtoto anayehema abebwe akiwa wima kifuani, asilazwe chali, asifunikwe mablanketi mpaka usoni, aendelee kunyonya kama anaweza, kidogo kidogo, pua isafishwe. Asipewe kitu chochote kwa nguvu mdomoni, kwa kuwa mtoto anayehema hupaliwa upesi. Kadi ya kliniki isisahauliwe. Na anayefika dirishani pa zahanati asiseme tu kwamba mtoto anaumwa, maana hapo kila mtu mtoto wake anaumwa. Aseme: "Ana miezi 9, nimemhesabu amelala, amepumua mara 58 kwa dakika, na kifua kinabonyea." Muuguzi aliyechoka akisikia sentensi hiyo huinuka kwenye kiti. Akirudishwa nyumbani na dawa, ahesabiwe tena jioni hiyo na asubuhi yake, idadi iandikwe nyuma ya kadi pamoja na saa, na baada ya siku 2 au 3, kama mganga atakavyoagiza, karatasi na mtoto virudi pamoja. Pumzi zikiwa zimeongezeka, au titi limekataliwa, siku ya kurudi isingojewe.